Mama anasahau, ndugu wanasema karogwa. Naombeni ushauri

Binti wa Mbagala: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama ana miaka 63, naishi naye. Anabandika sufuria, anatoka, chakula kinaungua. Juzi kaniita jina la dada yake marehemu. Miguu ina ganzi, anasema kama anakanyaga pamba. Ndugu wameshachanga nauli apelekwe kijijini kwa mtaalamu. Nifanyeje?

Mzee Kobe: Uzee huo. Mama yangu alinisahau mimi, akamkumbuka ng'ombe aliyeuzwa mwaka 1987.

Mlinzi wa Zamu: Ombeni jamani. Siku hizi watu wamemwacha Mungu.

Nesi Mstaafu: Ganzi na kusahau kwa pamoja? Anatumia dawa gani?

Binti wa Mbagala: Za kawaida tu.

Nesi Mstaafu: Zipi, mwanangu?

Binti wa Mbagala: Ana sukari. Metfomini mwaka wa tisa sasa. Nyama, mayai na maziwa nilimwachisha mimi, miaka minne iliyopita, niliambiwa vinapandisha sukari. Damu ilipopungua nikamnunulia vidonge vya foliki, ikapanda. Nimemtunza. Kosa langu liko wapi?

Nesi Mstaafu: Sikulaumu. Metfomini ya miaka mingi inaweza kuzuia mwili kufyonza vitamini B12 vizuri, na B12 inatoka kwenye vyakula hivyohivyo ulivyomwachisha. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana hamkuona mapema. Akiba ikiisha, utando wa mishipa ya fahamu unaharibika na ubongo unaguswa. Foliki inaweza kupandisha damu huku mishipa ikizidi kuharibika. Metfomini usimkatishe. Apimwe B12, ikiwa chini atachomwa sindano. Mkichelewa, ganzi inaweza isiondoke.

Kijana wa Ubungo: Chai hii. Mwezi wa pili uliandika humu wewe ni yatima.

Mzee Kobe: Leteni na mihogo basi.

Binti wa Mbagala: Mama mzazi alifariki. Huyu ni mama mdogo, kanilea tangu nina miaka sita. Jina aliloniita ni la mama yangu. Ulimi wake umekuwa mwekundu, laini, hata pilipili hawezi tena. Hiyo nayo chai?

Kijana wa Ubungo: Nisamehe dada.

Nesi Mstaafu: Ulimi huo ungeutaja mwanzo. Mpeleke kesho, na boksi za dawa zote ubebe.

Binti wa Mbagala: Kesho saa kumi na mbili asubuhi ndiyo basi. Tiketi anazo kaka.

Nesi Mstaafu: Basi toka naye saa kumi na moja.