Muvi ya mwisho uliyotazama, ulikaa na nani? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimechoka na "nipeni muvi kali". Mtu anamwaga majina kumi, anagawa alama saba kwa kumi, anaondoka. Hujui kama aliitazama peke yake kitandani kwenye simu au alikuwa sebuleni na mama mkwe, na hizo ni muvi mbili tofauti hata kama jina ni moja. Leo tusimuliane: umetazama nini karibuni, ulikaa na nani, na ni wapi ulitamani kushika rimoti.

Naanza mwenyewe. Wiki iliyopita niliweka Supa Modo, muvi ya Kenya ya 2018, kazi ya Likarion Wainaina. Nilipanga kuiona na mke wangu tu, lakini kwetu ukiwasha TV mlango ukiwa wazi umeshaalika mtaa. Wakaja watoto watano wa majirani, wakajipanga kwenye mkeka. Muvi inamhusu Jo, binti wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona, anayependa muvi za ngumi na mashujaa wanaopaa angani. Dada yake anamwaminisha kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingia kwenye huo uongo.

Sasa, watoto wa uswahilini wamelelewa na sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, ataonekana amekata roho, wewe tulia. Muvi haijafika mbali, yule mkubwa wao, miaka kumi na moja, akanigeukia.

"Mjomba, huyu ndiye steringi?"

"Ndiye."

"Mbona anaumwa toka mwanzo?"

Nikajifanya narekebisha sauti.

Muvi yenyewe ni fupi, dakika 74, na bado hatukuimaliza. Yuniti za umeme ziliisha, nilisahau kununua, mke wangu hadi leo ananikumbusha. Gizani pale watoto wakaanza kuimalizia wenyewe. Mmoja akasema Jo atapona, maana mama yake ni mkunga na wakunga wana dawa. Mwingine akasema daktari alisoma karatasi ya mtu mwingine. Yule mkubwa akasema ndiyo, daktari alikosea, akalirudia hilo mara tatu. Nikawaacha.

Sharti langu ni moja: msimwage mtama. Mwisho wa muvi uzungukeni.

Mjukuu wa Ng'ambo, Muscat

Mie nimetazama Vuta N'kuvute na bibi yangu. Kaondoka Unguja yu msichana, sasa kapita themanini. Nilikuwa na wasiwasi, kwani filamu ni ya Zanzibar ya miaka ya 1950, wakoloni na vijana wa harakati, na bibi siasa za kule hazigusi. Ukianza tu, anaomba maji ya kunywa.

Basi siasa zote alizipita kama hazipo. Yeye alishika nguo. Ile kanga haifungwi vile. Yule kavaa vizuri, mama yake kamfunza. Alipotokea Mwajuma, ambaye anachezwa na Siti Amina, na huyo ni muimba taarabu kwelikweli, bibi akasema, "Huyu wa kwetu, msikilize anavyoita." Binamu zangu wawili wamezaliwa huku, Kiswahili chao cha kuombea chai tu, wakawa wanasoma maandishi ya Kiingereza chini. Kila wakimaliza kusoma, bibi keshacheka zamani. Mwisho wakaacha kusoma, wakawa wanamtazama yeye ili wajue pa kucheka.

Yasmin alipoikimbia ile ndoa ya mume mkubwa kwake, bibi akatoa "Hewallaa!" kwa sauti, kisha akanitupia jicho kuona kama nimesikia. Bibi mwenyewe kaolewa na miaka kumi na tano. Sikumuuliza kitu.

Ticha wa Zamu

Hapo kwenye Vuta N'kuvute nina kinyongo kidogo. Riwaya ya Adam Shafi nimeifundisha kidato cha tano na sita miaka mingi, wahusika nawajua kama wapangaji wenzangu. Nikaenda kuitazama filamu na kitabu kizima kichwani, kosa langu. Muongozaji Amil Shivji amewashika Yasmin na Denge, wengine wamekonda au hawapo. Nusu ya kwanza nilikaa kama mtu aliyepunjwa nyama kwenye pilau la harusi.

Halafu inakwenda taratibu. Kuna mahali kamera inamtazama tu mtu, na mtu naye anatazama bahari. Wanafunzi wangu wa mkondo B wangeshalala. Mimi mwenyewe nilipunguza kinyongo kwa sababu ya picha tu: zile kuta, ile taa ya kandili usoni, vivuli vya vichochoro.

Na tuseme ukweli, ndiyo filamu iliyotuwakilisha Watanzania kwenye mbio za Oscar mwaka 2022, mara ya pili tu baada ya filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Zaidi ya miaka ishirini katikati hapo tulikuwa na kazi gani? Tulikuwa tunatoa Part 1 na Part 2 za hadithi inayotosha nusu saa.

Mjukuu wa Ng'ambo, Muscat

Ticha, bibi hakusoma kitabu. Ndiyo maana kafurahi.

Jamaa wa Rongai

Wadau, mimi niliirudia Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ile ya 2012. Mara ya kwanza niliiona nikiwa shule, nikacheka hadi machozi vile Mwas anauza filamu kijijini kwa kuziigiza, anapiga ngumi hewani mbele ya wateja. Safari hii niliiona na mdogo wangu. Amekuja majuzi kutoka Nyahururu kutafuta kazi, analala kwa kochi yangu.

Mwas akashuka mjini, macho juu kwa maghorofa, kidogo tu mzigo wote umeenda. Mdogo wangu akacheka vile mimi nilicheka zamani. Mimi nikanyamaza. Siku yangu ya kwanza Nairobi niliibiwa simu na viatu, na viatu, jameni, nilikuwa nimevibeba kwa mkono ndio visichafuke. Hiyo stori sijawahi mwambia. Nikamwambia hapo hapo, muvi ikiendelea. Akacheka zaidi.

Kitu kingine, Sheng ya hiyo muvi imezeeka. Kijana ananiuliza maana ya maneno ambayo mimi nadhani ni ya juzi. Nina miaka thelathini na mbili na nikajiona mzee wa kanisa. Na kama hujaiona, ile sehemu ya choo cha seli usiangalie ukikula.

Konda Mstaafu, Mbagala

Nyie wote wasomi. Mimi natazama zilizotafsiriwa tu, kibanda umiza, yaani banda la muvi la mtaani, shilingi mia tano, benchi la mbao, jasho la jirani. Sisi wa zamani tumelelewa na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Juzi ilikuwa ya Kihindi, karibu saa tatu. Mtafsiri kamgeuza mkuu wa polisi kuwa Afande Kipara, yule dada anamwambia mchumba wake wakutane Kariakoo, baba mkwe anadai mahari ya ng'ombe kumi na jenereta. Kibanda kizima kinagonga mabati.

Wiki ile ile nikaikuta kwa shemeji bila tafsiri. Haina ladha. Watu wanalia, wanaimba, wanalia tena.

Ticha wa Zamu

Huyo hatafsiri, anatia chumvi. Mwandishi wa hiyo filamu akisikia jenereta atazimia.

Konda Mstaafu, Mbagala

Ticha, chumvi ndiyo muvi. Kama unataka mboga ya chukuchuku ipo hospitali.

Jamaa wa Rongai

Hapo niko na Konda. Kwetu bila DJ Afro, yule msimulizi wa muvi za nje, vijana wengi hawangejua Mchina anasema nini akiruka ukuta.

Mwana wa Kongwa

Mimi nilikwenda likizo nyumbani nikaweka The Boy Who Harnessed the Wind, ya 2019, ile Chiwetel Ejiofor ameiongoza na kucheza baba. Kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, wakati wa njaa ya 2001 na 2002, aliyetengeneza kinu cha upepo kwa vyuma chakavu baada ya kusoma vitabu vya maktaba. Niliitazama na baba. Kiingereza hajui, nikawa mkalimani, lakini wakiingia kwenye Kichewa ananizuia kwa mkono. "Mvula nimesikia. Nyumba nimesikia. Acha."

Ikafika pale mtoto anataka kuikata baiskeli ya baba yake apate fremu na tairi la kinu. Baba yule anakataa kwa hasira. Baba yangu akasema, "Yuko sahihi."

Nikamwambia lakini mtoto ana akili.

"Akili zinachemshwa?"

Msimlaumu. Baiskeli yake, Phoenix, ndiyo ilibeba mahindi, ilibeba mama kwenda kujifungua, ilinibeba mimi shule, mbele kwenye bomba kwa sababu nyuma kuna dumu. Mwaka wa njaa yetu aliuza mbuzi wote akabaki na baiskeli, na wajomba walimsema sana. Kwa hiyo pale mimi naona sayansi, yeye anaona mtu anaombwa mguu wake. Nadhani yeye ndiye aliyeielewa muvi. Mimi nilikuwa nasubiri taa iwake.

Hakusema kingine hadi mwisho. Asubuhi nikamkuta anaifuta vumbi ile fremu, imening'inia bandani miaka na miaka. Nikaanza kulengwalengwa. Akaniambia inahitaji tairi mbili na mnyororo, nikirudi mjini nitume hela.

Konda Mstaafu, Mbagala

Hahaha, mzee kashinda. Tuma hela.

Mwanzisha mada

Nimerudi na taarifa. Jumamosi nilinunua yuniti za kutosha, nikawaita watoto tumalizie Supa Modo. Walikuja wanne. Yule mkubwa alituma salamu kwamba ana kazi za shule, na shule zimefungwa.

Jioni nilikuwa napita kwao, akanisemesha kupitia dirishani bila kutoa kichwa. "Mjomba, kwani daktari alikosea?" Nikamwambia aje aone mwenyewe, siku yoyote, hata wenzake wasiwepo. Hajaja. Flashi sijaichomoa kwenye TV.

Wale wanne sisemi walifanya nini, sharti niliweka mwenyewe.

Mjukuu wa Ng'ambo, Muscat

Samahani kuingilia. Bibi anauliza ile yetu ina Part 2? Ticha usijibu.