Albamu iliyorudiwa studio bado ni laivu? The Last Waltz ya The Band

Kinanda_Tanga: Wakuu, wiki hii nimezisikiliza tena santuri zote tatu za The Last Waltz, onyesho la bendi ya roki The Band la kuaga pale ukumbi wa Winterland, San Francisco. Besi, magitaa na sauti kadhaa zilirudiwa studio kabla albamu haijatoka 1978. Sasa mnunuzi kauziwa onyesho au masahihisho? Mimi naona jina la laivu hapo ni la kuazima.

FundiMitambo: Mkuu, umewahi kukaa kwenye mitambo usiku wa shoo? Usiku ule wa 1977 walipanda wageni zaidi ya kumi: Muddy Waters, Joni Mitchell, Van Morrison, Dylan. Gitaa likitoka nje ya tuni unalirudia, basi. Drams na sauti ya Levon Helm, mpiga drams wao, ziliachwa kama zilivyotoka jukwaani. Na drams ndizo rahisi kuziacha. Mpiga drams hatungi wimbo, anashika mapigo tu.

Dada_Santuri: 25 Novemba 1976, siyo 1977. Siku ya sikukuu yao ya Shukrani, watu kama 5,000 walilishwa bata mzinga kwanza.

DramsMtaani: "Anashika mapigo tu"? Fundi, rudia kuisikiliza The Night They Drove Old Dixie Down. Helm anapiga na anaimba kwa pumzi hiyo hiyo, na wimbo unahusu watu wa kwao Kusini mwa Marekani. Robertson, mpiga gitaa wao aliyeandikwa mtunzi, ni Mkanada! Helm ameeleza kwenye kitabu chake kwamba alimpeleka maktaba akasome historia hiyo. Huyo hajatunga kitu?

FundiMitambo: Kumpeleka mtu maktaba siyo kutunga. Hata dereva angempeleka.

DramsMtaani: Usinitukane. Nimepiga drams miaka sita kwenye bendi nisiyoitaja. Mwendo wa wimbo uliowapa jina niliuleta mimi, mazoezini, mbele ya wote. Kanda ilipotoka, jina la mtunzi lilikuwa moja, na siyo langu. Malipo yakafuata jina.

Dada_Santuri: Pole sana kaka. Ila tumtendee haki na Robertson. Maneno yale aliyaandika yeye, na alishikilia hivyo mpaka alipofariki 2023. Mwendo bila maneno ungeimbwaje?

DramsMtaani: Na maneno bila mwendo ungeyachezaje, dada?

Kinanda_Tanga: Jamani, mada ni laivu. Chukueni Rock of Ages, albamu yao nyingine ya laivu, ya siku za mwisho za Desemba 1971, ukumbi wa Academy of Music, New York. Wapulizaji watano, na Allen Toussaint ndiye aliyewapangia muziki wa kupuliza. Mwaka mpya unaingia Garth Hudson, mpiga ogani wao, yuko peke yake kwenye ogani, anachomekea wimbo wa kuaga mwaka. Hilo utalirudia studio lipi?

FundiMitambo: Hudson! Huyo ndiye wa kudai jina la mtunzi kabla ya Helm. Toa ogani yake kwenye wimbo wao Chest Fever uone kinachobaki.

DramsMtaani: Kwa hiyo sasa unakubali kwamba anayepiga anatunga.

FundiMitambo: Nimesema ogani.

DramsMtaani: Ogani wanadai, besi wanadai, drams ndio tunyamaze? Nijibu hilo, mkuu, ndipo turudi kwenye laivu yenu.