Mrejesho: mkanda mpya uliokuwa ukilia

Niliuliza kwa nini mkanda mpya wa altaneta (mashine inayochaji betri ya gari) unalia kila injini ikiwashwa ikiwa baridi. Chanzo ni tenshena, yaani kifaa kinachokaza mkanda.

Injini ikiwa inanguruma, nilinyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, mikono mbali. Kelele ikazidi, yaani mkanda unateleza kwa kulegea. Ingetulia kisha ikarudi, ningeshuku puli (gurudumu linalopitiwa na mkanda) iliyopinda. Mkanda ulipotolewa, mkono wa tenshena ulirudi kwa kusitasita na beringi yake ikakwaruza. Tenshena nzima imebadilishwa, kelele imekwisha.

Mnaonunua: namba ya mkanda 6PK1750 maana yake ni mistari 6 kwenye upande wa mifereji, urefu milimita 1750. Hakikisheni namba kwenye kitabu cha gari, maana mkanda uliokuwepo huenda haukuwa sahihi. Na tafadhali msipake grisi, inaharibu raba!