Naomba ushauri: matangazo ya chuo yanatufikia kama uvumi, tufanyeje?

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni CR (mwakilishi wa darasa) wa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa nchini, jina tuliache.

Tangazo linabandikwa ubaoni Ijumaa jioni, muhuri juu. Mtu analipiga picha kwa simu, linaingia kwenye grupu la WhatsApp likiwa na ukungu, hata tarehe haisomeki. Kufikia Jumatatu kila mtu ana tafsiri yake. Muhula huu ratiba ya test ilibadilishwa kwa mtindo huohuo, na waliokosa bando wikiendi wakakuta wenzao wameshatoka chumba cha mtihani. Mimi ndiye niliyelaumiwa. Na namba zetu za simu wanazo tangu siku ya usajili, ila zinatumika kukumbusha ada tu. Hapo ujumbe unafika fasta!

Nataka kumpelekea mshauri wa wanafunzi pendekezo: badiliko lolote la ratiba litumwe kwa SMS ya kawaida. Herufi 160 zinatosha, na inaingia hata kwenye kitochi. Wenzangu wanasema nianzie serikali ya wanafunzi, lakini hao maswali ya boom (hela ya kujikimu ya mkopo) pekee yanawaelemea.

Kwa mliowahi kufanya kazi chuoni au kuwa viongozi: barua nianze na nani ili isiishie kwenye faili? Nikusanye saini za darasa zima, au wataona ni mgomo? Na gharama za SMS wakizisingizia, nijibu nini? Tafadhali msiniambie nihame chuo.