Mmechimba barabara, mmehamisha kituo, halafu kodi mnaitaka ileile?

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za foleni. Foleni sina shida nayo.

Nina mgahawa huku Kwa Mrombo, Arusha, hatua chache tu toka kilipokuwa kituo cha vifodi, zile daladala ndogo. Supu na chapati za asubuhi zinaliwa na abiria, makonda na bodaboda, watalii mimi siwajui. Sasa kijiko kimekuja kikachimba mtaro mbele ya mlango wangu, kifusi kikaachwa hapohapo, kituo kikasogezwa huko mbele. Barua hakuna, tangazo hakuna. Kuuliza ofisini, jibu ni "vumilieni, AFCON 2027 hiyo inakuja". Sawa, ije, lakini mpaka hapo nakula nini?

Mteja anavuka mtaro kwa ubao nilioununua mwenyewe. Mama ana mtoto mgongoni, kweli apite juu ya ubao unaocheza kwa ajili ya supu? Ananyoosha zake. Greda likipita, vumbi lote linatua kwenye sinia la chapati. Na gari la maji lipo! Linamwaga siku wakubwa wanapokuja kukagua.

Kinachonichoma ni hiki. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataja mpaka fidia ya kupotelewa na faida, ila ni kwa anayetwaliwa ardhi. Mimi mpangaji ambaye hata futi moja haikuchukuliwa, nimezibiwa mlango tu, naangukia wapi?

Los Angeles walipokuwa wanachimba reli za mjini, mamlaka yao ya usafiri ilianzisha mfuko wa wafanyabiashara wadogo wa kando ya njia, wenye wafanyakazi wasiozidi 25. Unaonyesha hesabu zako, unafidiwa sehemu ya mapato uliyopoteza, mwisho dola 50,000 kwa mwaka. Najua kuna mtu atakuja na "hapa siyo Marekani". Sijaomba dola 50,000, mkuu. Na msiniambie mamantilie hana vitabu: kwenye makadirio ya kodi mauzo yangu yanajulikana vizuri tu, iweje kwenye hasara yasijulikane?

Kama hela hakuna, basi chimbeni upande mmoja mmalize ndipo mhamie wa pili, kituo kibaki karibu. Wekeni kivuko cha maana kila penye mlango wa biashara, na mtuambie tarehe ya kuanza na ya kumaliza kabla hatujajaza stoo. Mkandarasi mwenye kijiko na zege anashindwa kivuko?

Aliyewahi kuomba makadirio yapunguzwe kwa sababu ya ujenzi aje aseme alikwenda na karatasi gani, na kama picha za mtaro zinakubalika. Awamu ya kodi inakaribia, na mwenye nyumba naye ameshaulizia pango la miezi sita.