Naomba ushauri: binti yangu na TikTok

Wazazi wenzangu, hamjambo. Niko Kisumu, mtaa wa Manyatta. Binti yangu ana miaka 12, yuko Gredi ya 7. Alifungua akaunti ya TikTok kwa simu ya shangazi yake akadanganya umri, maana wanaruhusu kuanzia miaka 13. Siku hizi anachelewa kulala akihesabu laiki, na juzi alilia sana baada ya watu asiowajua kumtukana kuhusu weusi wa ngozi yake. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nimemnyang'anya simu, anaazima za marafiki. Nikimuuliza, ananyamaza tu.

Je, nifute akaunti kabisa, au akifika 13 niiunganishe na yangu nimsimamie? Na nianzeje kuzungumza naye kuhusu yale matusi?