Madevelopa acheni kujengea CV zenu kwa hela za wateja!!

Wakuu habari za muda huu, naomba nitoe dukuduku maana leo nimechoka.

Nimepewa mfumo wa saccos moja huko mkoani niurekebishe, jamaa aliyeutengeneza kapata kazi sehemu akasepa na simu hapokei. Wanaoutumia ni mhasibu, makarani wawili na meneja, basi. Kuufungua ndani nakuta umekatwakatwa vipande, wanachama kivyao, mikopo kivyake, kutuma meseji kivyake, kila kimoja na kontena lake, yaani kifurushi chake kinachojiendesha peke yake, halafu juu yake kaweka Kubernetes, programu ya kusimamia makontena mengi kwenye seva nyingi. Kubernetes jamani! Kitu Google walikitoa 2014 baada ya kuhangaika na seva zao zisizohesabika, wewe unawawekea makarani wawili ambao umeme ukikatika wanarudi kwenye daftari? Na bili ya seva inakuja kwa dola kila mwezi, mwenyekiti ananiuliza mimi, nimjibu nini mzee wa watu.

Databesi ndo kichekesho kabisa. Akiba, mikopo, wadhamini, vitu vinavyotegemeana kila kona, mtu kaacha PostgreSQL, kaacha hata MySQL, databesi za majedwali yanayounganishwa, kakimbilia MongoDB inayotunza vitu kama dokumenti mojamoja. Sikatai ina kazi zake, na toka 2018 inaweza kubadilisha dokumenti kadhaa kwa mpigo, zikigoma zote zinarudi kama zilivyokuwa, ila jamaa hakujisumbua kuitumia hiyo. Sasa rejesho linakatwa kwenye akiba, neti ikiyumba hapo katikati kwenye mkopo haliingii. Kuna mama alikuja na risiti yake mkononi na mfumo unasema anadaiwa, karani anamwambia "mama kompyuta ndo inasema hivyo".

Nikamtafuta mshkaji wake nimuulize kwa nini jamaa alichagua madude yote haya, jibu eti "ndo yanayotakiwa kwenye matangazo ya kazi". Kwa hiyo wanachama wamechangishana kumlipia mtu ada ya mafunzo!

Najua atakuja mtu hapa aseme mzee unaogopa teknolojia mpya. Siogopi chochote, ila hii kazi Laravel (fremu ya kujengea mifumo kwa lugha ya PHP) na databesi moja kwenye hostingi ya bei chee zinaimaliza, na ukiondoka kijana anayejua PHP humkosi, tofauti na hili dubwana ambalo mpaka umpate wa kulielewa saccos ishakufa. Na hivyo vipya mnavyovishabikia wenyewe wanawaacha njiani, waulizeni waliojenga na AngularJS, fremu ya Google ya kujengea kurasa za mtandaoni, 2016 Google wakaja na Angular 2 iliyoandikwa upya haiingiliani na ile ya zamani, watu wakaanza upya. Facebook wakichagua kitu wana jeshi la mainjinia wa kukihudumia, wewe una nani?

Anyway, aliyewahi kuhamisha data za hesabu kutoka MongoDB kwenda PostgreSQL huku ofisi inaendelea na kazi aje anipe mbinu, mkutano mkuu wa wanachama unakaribia na ripoti ya mikopo mpaka sasa haibalansi. Na wale wa "hamia Rust", lugha nyingine ya programu, pitieni tu kimya kimya, sitaki kesi.